Kwa kinyozi, usiseme "punguza kidogo"

"Kidogo" yako na "kidogo" ya kinyozi si kitu kimoja. Taja namba. Kwa mashine nyingi, kitana cha namba 1 huacha nywele za milimita 3 hivi, namba 2 milimita 6, namba 4 karibu 13. Kama hujui namba yako, anza na kubwa. Ya 4 inashushwa hadi 2 palepale, lakini ya 1 ikishapita, ndugu yangu, subiri tu, maana nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi.

Picha ya mchezaji maarufu haisaidii sana. Kichwa chake si chako. Siku uliyotoka umependeza, jipige picha mwenyewe, ubavuni na kisogoni, uihifadhi kwenye simu. Kinyozi akiiona anajua anarudia kazi gani.

Halafu ile laini ya mbele. Mwambie kabla hajawasha mashine: "Fuata nywele zinapoanzia, usizirudishe nyuma." Ukinyamaza, kila ukinyoa paji linapanda. Langu liliwahi kupanda hivyo, nikashinda na kofia wiki nzima. Na kama hutoka vipele shingoni, omba amalizie kwa mashine badala ya wembe.

Akikushikia kioo uone kisogo, tazama kweli, maana wengi wetu hutikisa kichwa tu na kusimama. Kama upande mmoja umezidi, sema hapohapo, shuka ikiwa bado shingoni. Kurekebisha ni dakika mbili.