Kufunga Hita ya Sola Isiyoonekana Juu ya Nyumba ya Mji Mkongwe

Mji Mkongwe wa Zanzibar uko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta, na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi wa mtu: mwezi wa Juni linainama kiasi cha nyuzi 30 kuelekea kaskazini, na mwezi wa Desemba kiasi cha nyuzi 17 kuelekea kusini. Kikusanya joto, yaani lile sanduku bapa lenye kioo linalopasha maji kwa jua, ambalo mafundi wengi huliita paneli ijapokuwa halitoi umeme, hufanya kazi vizuri hapa likiwa limelazwa karibu kabisa na usawa wa paa. Katika nchi za Ulaya mwenye nyumba ya kale hulazimika kuchagua kati ya kuliinua sanduku hilo lielekee jua na kulilaza lisionekane. Sisi hatuna haja ya kuchagua, kwa kuwa mwinamo unaofaa kwa jua ndio huo huo unaofaa kwa macho.

Tupige hesabu kidogo. Kikusanya joto chenye urefu wa mita 2 kikiinamishwa nyuzi 10, upande wake wa juu hunyanyuka sentimita 35 tu. Kikiinamishwa nyuzi 30 hunyanyuka mita nzima. Ukiongeza unene wa sanduku na miguu ya fremu, mwinamo wa nyuzi 10 unahitaji ukingo wa paa usiozidi sana nusu mita ili ukifiche. Usikilaze chini ya nyuzi hizo, kwa sababu maji ya mvua hayataserereka juu ya kioo, vumbi litaganda, na hewa iliyomo kwenye mabomba haitapata njia ya kutoka. Upande bora wa kukielekeza ni kaskazini, lakini katika mwinamo mdogo namna hii kukielekeza mashariki au magharibi huleta hasara ndogo, hivyo unaweza kufuata mstari wa ukuta au mteremko wa paa la bati linalotazama uani bila majuto.

Kinachoharibu sura ya mji mara nyingi ni tangi. Mtambo unaouzwa kwa wingi madukani una tangi la mviringo lililokaa mgongoni, kwa kuwa maji yaliyopashwa hupanda yenyewe na kuingia humo bila pampu. Ni mtambo rahisi na wa kutegemewa, nami ningemshauri mtu yeyote wa Mwanakwerekwe, nje ya Mji Mkongwe, aununue, lakini juu ya nyumba ya kale tangi hilo huonekana kutoka baharini. Kwa nyumba ya aina hii litenganishe tangi na kikusanya joto, uliweke ndani, kwenye chumba kidogo cha juu au pembeni mwa ngazi, kisha utumie pampu ndogo kuzungusha maji. Pampu hiyo iendeshwe na paneli ndogo ya umeme wa jua ya peke yake: jua likitoka inazunguka, jua likizama inasimama, na umeme wa gridi ukikatika haiathiriki. Kwa kuwa tangi sasa liko chini ya kikusanya joto, ni lazima kuwe na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, la sivyo usiku joto la tangi litapanda lenyewe hadi paani na kupotelea hewani.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio la macho. Chukua vijiti na kitambaa cheupe, vifunge paani kwa kimo na upana uleule wa mtambo unaoukusudia, kisha ushuke ukatazame. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba anayepita chini haoni paa hata akijitahidi. Wanaoona ni walioko kwenye bustani ya Forodhani ufukweni, walioko kwenye boti zinazoingia bandarini, na wageni wanaokula chakula cha jioni juu ya mapaa ya mahoteli. Piga picha kutoka sehemu hizo, kwa sababu ndizo utakazoambatisha kwenye ombi lako kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kibali cha Mamlaka kinatangulia kazi. Anayesema kuwa matangi ya plastiki meusi yamejaa kila paa na hakuna aliyeuliza anasema kweli, lakini kosa la jirani si kibali.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni uzito. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vya kale kuwa vyembamba, kiasi cha mita 3 au pungufu. Boriti huoza kwanza kwenye ncha zilizozama ukutani, mahali ambapo unyevu hukaa na macho hayafiki; ukiitazama katikati utaiona nzima kumbe kichwa chake kimekuwa unga. Mwite fundi mwashi anayezijua nyumba hizi azigonge ncha hizo na kuzichoma moja moja kwa msumari. Tangi la lita 200 lina maji ya kilo 200 kabla hujahesabu tangi lenyewe, na mzigo huo usiwekwe kamwe katikati ya chumba. Ukae juu ya mihimili miwili inayovuka kutoka ukuta hadi ukuta, ili uzito ushuke kwenye kuta nene na boriti zisiguswe. Nimeshuhudia nyumba moja ambayo fundi alilitua tangi katikati ya dari kwa sababu bomba lilikuwa karibu, na baada ya masika moja sakafu ilikuwa imebonyea kama kitanda cha kamba.

Fremu ya kikusanya joto nayo ishikwe na mihimili hiyo au na kuta, ikifungwa imara kwa kuwa upepo wa kusi huingia chini ya sanduku na kulinyanyua. Tundu lolote la ukutani litobolewe kwenye kiungo cha chokaa, si kwenye jiwe, na lizibwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, na chumvi iliyomo huja juu ikabandua lipu. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kwani hewa ya bahari hula mabati ya kawaida haraka.

Mabomba yasipite kwenye uso wa nyumba. Yashushwe uani, au kando ya mabomba ya zamani ya vyoo, yakiwa yamevikwa sponji nyeusi ya mpira na kufunikwa dhidi ya jua. Mzunguko wa kikusanya joto uwe wa shaba, kwa kuwa pampu ikisimama mchana maji yatapita nyuzi 100 za joto na bomba la plastiki litalainika. Kwa sababu hiyohiyo weka valvu ya usalama inayoachia maji shinikizo likizidi, na maji yake yaelekezwe kwenye mfereji, yasichirizike ukutani. Maji yakiwa ya chumvichumvi, chagua tangi lenye koili, yaani bomba lililojiviringa ndani yake, ili yale ya kikusanya joto yawe yaleyale na ukoko usiyazibe mabomba.

Kuhusu kiasi cha joto, Unguja hupata wastani wa takriban uniti 5 za nishati ya jua (uniti ni kilowati-saa, kama ya umeme) kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kikusanya joto cha mita 2 za mraba kikinasa nusu yake, utapata uniti 5, zinazotosha kuyapandisha maji lita 200 kwa nyuzi zipatazo 21, yaani kutoka 27 hadi karibu 48. Ni joto la kutosha kuoga, lakini halitoshi kuua bakteria wa kwenye tangi, hivyo washa kipashio cha umeme mara kwa mara hadi nyuzi 60, na uweke valvu ya kuchanganya maji ili mtoto asiungue.

Siku ya kujaza, anza alfajiri au ufunike kioo kwa turubai, kwani maji baridi yakikutana na shaba iliyochomwa na jua viungo huachia. Acha mabomba wazi siku nzima ukikagua kila kiungo kwa karatasi kavu, ndipo uyavike sponji. Baada ya hapo kazi inayobaki ni kupangusa chumvi kwenye kioo wakati wa kaskazi, mvua zinapokuwa haba, na kuikagua fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya tangi, kila mwaka kabla haijaliwa yote.