Jinsi afisa wa polisi anayetuhumiwa kupokea hongo anavyoweza kuomba dhamana kabla ya kukamatwa nchini Kenya

Dhamana ya kabla ya kukamatwa haikutungiwa sheria yake nchini Kenya. Imejengwa na majaji wa Mahakama Kuu, wakitumia mamlaka waliyopewa na Ibara ya 165 ya Katiba ya 2010 ya kusikiliza malalamiko kwamba haki ya mtu imekiukwa au inatishiwa kukiukwa. Kwa hiyo ombi halipelekwi kwa hakimu, na halihusu kama afisa alichukua kitu kidogo au hakuchukua. Mawakili wengi hupotezea hapo kurasa nzima za hati ya kiapo wakimtetea mteja dhidi ya shtaka ambalo bado halijasomwa, ilhali jaji anataka kujua jambo moja tu: je, vyombo vya dola vinamtendea mtu huyu kinyume cha Katiba, na hofu yake ya kukamatwa ina msingi gani?

Kwanza afisa apime kama ombi lina maana katika hali yake. Kesi nyingi za hongo huanza kwa mtego: mlalamishi hupewa kinasa sauti na noti zilizopakwa kemikali, kisha mpokeaji hukamatwa papo hapo na mikono yake kupanguswa ili sampuli zipimwe. Aliyenaswa hivyo amekwisha kukamatwa, na njia yake ni dhamana ya kawaida chini ya Ibara ya 49. Ombi hili humfaa yule ambaye jina lake limetajwa na mwenzake aliyekamatwa, au ambaye malalamiko dhidi yake yamefika katika Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) na dalili za kusakwa zimeanza kuonekana. Wito wa kwenda kuandikisha taarifa, peke yake, kwa kawaida hautoshi, kwa sababu kumwita mtu na kumhoji ni kazi halali ya wachunguzi. Aliyeitwa aitikie, aende na wakili, na ahifadhi ushahidi kwamba alifika. Karatasi hiyo itamsaidia baadaye kuliko hoja nyingi.

Uzito wa ombi umo katika hati ya kiapo. Aya inayosema “naogopa kwamba nitakamatwa wakati wowote” ni hofu tupu, na mahakama zimerudia mara nyingi kwamba hofu iwe ya kweli, si ya kudhaniwa. Aya yenye nguvu hutaja tarehe na saa: kwamba mwombaji aliitikia wito siku fulani na kuandikisha taarifa, kwamba siku iliyofuata watu wasiovaa sare walifika nyumbani kwake usiku bila kueleza kosa, na kwamba jirani aliyewaona ameapa hati yake mwenyewe. Ujumbe wa simu na nakala ya wito viambatishwe. Hata hivyo, kila neno limeapiwa, na kiongozi wa mashtaka anaweza kumhoji nalo kesi itakapofika. Asieleze kilichotokea barabarani au kituoni zaidi ya kukana tuhuma.

Ombi huwasilishwa pamoja na cheti cha dharura, yaani hati inayoomba lisikilizwe haraka, na EACC, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Inspekta Jenerali wa Polisi wanaweza kuunganishwa kama wajibu maombi, yaani upande unaotakiwa kulijibu ombi, kutegemea ni nani anayemtafuta mwombaji. Jaji akiridhika, anaweza kutoa agizo la muda kabla ya kusikiliza upande wa pili, kisha apange siku ya pande zote. Anayesubiri hadi Ijumaa alasiri hujiweka pabaya: Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama, husogezwa hadi siku inayofuata ya kazi, na hivyo kukamatwa Ijumaa jioni kunaweza kumaanisha kulala korokoroni hadi Jumatatu.

Hoja itakayomkabili afisa kuliko raia mwingine ni cheo chake. Anaijua njia ya faili, anawajua wenzake watakaotoa ushahidi, na pengine anajua anakoishi mlalamishi. Ni busara wakili asingoje upande wa pili uyaseme hayo, bali ajitolee mwanzoni kupokea masharti: kuweka pesa taslimu au bondi, kukabidhi pasipoti, kufika kwa wachunguzi siku zitakazotajwa, na kutowasiliana na mashahidi.

Agizo likitolewa, atembee na nakala yake iliyothibitishwa na ahakikishe wajibu maombi wamekabidhiwa. Halizuii uchunguzi wala mashtaka. Siku atakapofikishwa mbele ya hakimu, suala la dhamana litaamuliwa upya. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayepatikana na hatia ya kupokea hongo anaweza kufungwa hadi miaka 10, kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Tena, chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, afisa wa umma aliyeshtakiwa husimamishwa kazi kwa nusu mshahara tangu siku ya kushtakiwa, na agizo hili halibadilishi hilo.