SOMO: Kibanda cha dharura porini (soma hatua ya 5 mara mbili)

Wakuu, swali la "nilijenga vizuri, mbona nimetetemeka usiku kucha?" nimelijibu mpaka nimechoka. Leo naliandika lote.

1. Anza jua likiwa bado juu. Kazi hii inakula saa mbili hadi tatu.

2. Mahali. Korongoni usilale hata mchanga ukiwa mkavu. Mvua ya mbali huteremsha maji usiku. Bondeni baridi hutuama, kileleni upepo. Kaa katikati ya mteremko. Tazama juu kama kuna tawi lililokufa, tazama chini kama kuna siafu au mapito ya wanyama.

3. Mwamba (mti wa mgongo wa paa): mti mnyoofu unaokuzidi urefu kidogo, ncha moja kwenye panda ya kimo cha kiuno, nyingine ardhini. Uegemee kwa uzito wako wote kabla ya kuuamini.

4. Egemeza fito kwenye mwamba pande zote mbili, kisha vijiti vya kukingama.

5. Kitanda. Hapa ndipo nilipoumia. Paa langu lilikuwa nene, sikuona hata nyota moja, lakini chini nilitandaza konzi chache tu za majani. Usiku wa manane nyonga na bega vilikuwa vimekufa ganzi. Kila nikigeuka, upande wa chini unaganda. Ardhi hunyonya joto la mwili bila kuchoka. Jaza majani makavu, lala juu yake yashindiliwe, jaza tena. Piga goti: ukisikia ugumu wa ardhi, ongeza. Yakishashindiliwa, yabaki angalau sentimita 15.

6. Majani juu ya fito, sentimita 60 hadi 90. Mlango usielekee upepo. Uzibe kwa majani ukishaingia.

MASWALI

— Nina turubai, majani ya chini ya nini?
Hatua ya 5. Turubai huzuia mvua, haizuii ardhi.

— Naweza kuwasha moto ndani?
Hapana. Umezungukwa na majani makavu.

— Mkuu, kwa nini kiwe kidogo hivyo? Nikijenga kikubwa sitapumua vizuri?
Swali zuri. Jiko la humo ni mwili wako peke yake, na nafasi ikizidi unapasha hewa usiyoihitaji. Kiwe cha kuingia kwa kutambaa na kugeuka tu. Hewa hupita katikati ya majani; usikandike udongo wala kufunika mlango kwa nailoni.

— Na majani yakiwa yamelowa?
Fukua chini ya tabaka la juu, mara nyingi utakuta makavu. Hayo yawe ya kitanda, yaliyolowa yapande paani.

— Nyongeza: mimi hujaza majani makavu kati ya shati na koti.
Kweli kabisa, na suruali pia. Chomeka ncha zake ndani ya soksi yasimwagike. Ila yakung'ute kwanza, wadudu hujificha humo.