Kabla Hujapakia Data ya Uendelevu kwa Wingi: Mambo ya Kuzingatia

Mstari wa data uliokataliwa na mfumo wa kuripoti uendelevu, ule unaokusanya matumizi ya mafuta na umeme ya kampuni na gesi joto zake, hauna madhara makubwa. Unarudi na ujumbe wa kosa, unausahihisha, unaupakia tena. Wa kuogopwa ni ule uliopokelewa ukiwa na kosa ndani yake. Lita 4,500 za dizeli zilizoingia kama galoni 4,500 hazitoi onyo lolote: zinapita, zinageuzwa kuwa tani za gesi joto, zinaingia kwenye ripoti ya mwaka zikiwa karibu mara nne ya ukweli, na huenda wa kwanza kuzishtukia akawa mkaguzi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuingiza data kwa kiolezo cha lahajedwali ni ile inayofanyika kabla ya kubofya kitufe cha kupakia.

Anza na kiolezo chenyewe. Kipakue upya kutoka kwenye mfumo kila mzunguko wa kuripoti unapoanza, hata kama cha mwaka jana bado unacho. Msimamizi wa mfumo akiongeza safu moja au akibadilisha kipimo cha msingi, kiolezo cha zamani kinaweza kukataliwa chote, au kikapokelewa huku takwimu zimehamia safu isiyo yake. Usifute mistari ya juu wala karatasi zilizofichwa. Mara nyingi ndimo ilimo misimbo ambayo mfumo huitumia kutambua kila safu, na orodha kunjuzi huchota majina humo humo. Unaponakili kutoka faili jingine, bandika thamani tupu. Ukibandika kwa njia ya kawaida unafuta udhibiti uliowekwa kwenye seli, orodha kunjuzi inapotea, na jina lolote likiandikwa linakubalika hapo.

Vituo, mita na wasambazaji kwanza

Usomaji wa mita hauwezi kuingia kabla mita yenyewe haijasajiliwa, na mita haiwezi kusajiliwa kabla kituo chake hakijawemo. Pakia kwa mpangilio huo: vituo, kisha mita na matangi, kisha wasambazaji na aina za mafuta, ndipo takwimu za matumizi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tumia misimbo badala ya majina. "Ghala la Kaskazini" na "Ghala la Kaskazini" lenye nafasi moja ya ziada mwishoni ni sawa kwa macho yako, lakini kwa mfumo ni vituo viwili. Fomula ya TRIM huondoa nafasi za kawaida za mwanzo na mwisho, ila haigusi ile nafasi isiyokatika inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti, yaani herufi namba 160. Hiyo uiondoe kwa kuitafuta na kuibadilisha.

Misimbo nayo ina mtego wake. Msimbo 00417 ukibandikwa kwenye seli ya kawaida ya Excel unabaki 417. Namba ya mita yenye tarakimu 16 huishia na sifuri, hata kama tarakimu ya mwisho ilikuwa 7, kwa kuwa Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ipange safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kubandika. Ukiipanga baadaye, kilichopotea hakirudi. Faili la CSV, yaani la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, usilifungue kwa kulibofya mara mbili, maana Excel italibadilisha palepale. Liingize kupitia menyu ya data na uitaje aina ya kila safu.

Vipimo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Megawati-saa moja ni kilowati-saa 1,000, nayo ni gigajuli 3.6. Tani ya metriki ni kilo 1,000, tani fupi ya Marekani ni kilo 907 na kidogo. Gesi asilia inaweza kusomwa kwa mita za ujazo kwenye mita na kutozwa kwa kilowati-saa kwenye bili, zote mbili katika ukurasa mmoja wa ankara. Mwulize kila anayekuletea takwimu ameitoa wapi, kwenye mita au kwenye bili, na uandike kipimo katika safu yake hata pale kiolezo kinapokujazia chenyewe.

Kuna jaribio moja rahisi la kunasa makosa haya: gawanya matumizi ya kila mita kwa matumizi ya mwezi uliotangulia. Jibu likikaribia 1,000 au 0.001, mtu amechanganya kilowati-saa na megawati-saa. Likizunguka 3.6, tafuta gigajuli, likiwa 3.8 au 4.5, tafuta galoni. Tani fupi ndiyo ngumu, kwa sababu tofauti ya asilimia 9 hujificha ndani ya mabadiliko ya kawaida ya mwezi. Hiyo huikamati kwa hesabu, unaikamata kwa kusoma hati ya mzani.

Alama ya desimali iangalie pia. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya, 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini. Kampuni yenye vituo katika nchi kadhaa ikubaliane mtindo mmoja kabla violezo havijasambazwa, kwa sababu vikisharudi, hakuna wa kukuambia 1.250 ya nani ni ipi.

Tarehe na vipindi

Andika tarehe kwa mtindo wa 2024-04-03, isipokuwa kiolezo kinadai mwingine. 03/04/2024 ni Aprili 3 kwa mmoja na Machi 4 kwa mwingine, na mfumo utachagua bila kukuuliza. Mafaili yaliyotengenezwa kwa Excel za zamani za kompyuta za Mac huenda yanahesabu tarehe kuanzia 1904 badala ya 1900. Tarehe zikinakiliwa kutoka humo kwenda faili la kawaida husogea siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja.

Bili haifuati kalenda. Chukua bili ya umeme ya Desemba 18 hadi Januari 17: siku 31, kilowati-saa 6,200, yaani 200 kwa siku. Desemba inabeba siku 14, kilowati-saa 2,800. Januari siku 17, kilowati-saa 3,400. Jua mapema kama mfumo wako hugawanya hivi wenyewe au unakutaka uandike mistari miwili. Jambo hili lina uzito mwishoni mwa mwaka, kwani kizidishi cha gesi joto cha umeme wa gridi, yaani namba inayogeuza kilowati-saa kuwa gesi joto, hubadilika mwaka hadi mwaka. Hakikisha pia tarehe ya mwisho ya bili moja si tarehe ya kwanza ya inayofuata, la sivyo siku moja itahesabiwa mara mbili, au mfumo utaukataa mstari wa pili kwa kuingiliana na wa kwanza.

Seli tupu na sifuri visichanganywe. Sifuri ina maana kituo hakikutumia kitu. Tupu ina maana hatujapata takwimu. Kituo kilichosahaulika kikijazwa sifuri, utoaji wa gesi joto wa kampuni unaonekana umeshuka, na hakuna atakayekwenda kuitafuta ile bili. Makadirio yawe na alama yake katika safu ya ubora wa data, kama ipo, au katika maelezo.

Amua mapema unapakia matumizi au tani za gesi joto zilizokwisha kukokotolewa. Vyote viwili kwa chanzo kimoja ni kuhesabu mara mbili. Tani zinazotoka kwa msambazaji zije na maelezo ya thamani alizotumia: kilo moja ya methani ilihesabiwa sawa na kilo 25 za kaboni dioksidi katika ripoti ya nne ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ya mwaka 2007, ikawa 28 katika ya tano. Kwa umeme, mwongozo wa 2015 wa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto, unataka hesabu mbili, ya mahali (kwa wastani wa gridi ya eneo) na ya soko (kwa umeme ambao kampuni imechagua kuununua), pale kampuni inapofanya kazi kwenye soko lenye vyeti au mikataba ya nishati. Kwa hiyo vyeti navyo viwe na kiasi na mwaka wake kabla ya siku ya kupakia. Data ya manunuzi kwa fedha iwe na sarafu, mwaka, na kauli ya wazi kama kodi ya ongezeko la thamani imo au haimo.

Jaribio, ukubwa na njia ya kurudi nyuma

Soma kwa makini mfumo unafanya nini ukikuta rekodi iliyopo: unaongeza nyingine, unaibadilisha, au unaikataa? Na seli tupu je, inaacha thamani ya zamani au inaifuta? Majibu yatafute kwenye mfumo wa majaribio kwa mistari 10 hadi 20, na mistari hiyo isiwe mizuri yote. Weka msimbo usiokuwepo, tarehe zinazoingiliana, seli tupu na mstari uliorudiwa, uone kila kosa linavyorudi. Kisha pakia mistari ile ile mara ya pili. Jumla ikiongezeka maradufu, umejua tabia ya mfumo wako bila hasara.

Mwaka 2020 Uingereza ilikosa kuripoti kwa wakati matokeo 15,841 ya vipimo vya korona kwa sababu ya faili la xls, umbo la zamani la Excel, lililojaa. Umbo hilo huishia mistari 65,536. Xlsx, umbo la sasa, hufika 1,048,576, lakini mfumo unaopokea huwa na kikomo chake, kilicho chini zaidi. Ligawe faili kwa kituo au kwa mwezi, usilikate katikati ili litoshe tu.

Kabla ya kupakia, andika pembeni idadi ya mistari na jumla ya kila kipimo: lita ngapi, kilowati-saa ngapi, kilo ngapi. Baada ya kupakia, toa ripoti ya mfumo na ulinganishe kabla mtu yeyote hajaidhinisha. Hifadhi faili kama lilivyopakiwa, ripoti ya makosa na namba ya kundi la upakiaji pamoja na ankara zake. Namba hiyo ndiyo utakayoihitaji siku utakapolazimika kuliondoa kundi moja bila kugusa mengine.