Kupunguza makosa ya swingi na kuisoma handikapu: mwongozo kwa mchezaji wa gofu wa ridhaa

Mchezaji wa ridhaa aliyemaliza mashimo 18 kwa mipigo 96 Jumamosi moja, 88 Jumamosi iliyofuata na 101 wiki ya tatu, kwa kawaida huamini kwamba ile 88 ndiyo mchezo wake halisi, na kwamba katika siku nyingine mbili swingi, yaani ule mzunguko mzima wa kuirudisha fimbo nyuma na kuishusha hadi kwenye mpira, ilimtoroka. Imani hiyo humgharimu sana. Humrudisha kwenye uwanja wa mazoezi kuutafuta mpigo wake bora, ilhali kadi yake ya alama iliharibiwa na mipigo yake mibaya: mpira uliopotelea vichakani upande wa kulia, mpira uliogongwa utosini ukatambaa mita 40, fimbo iliyochota udongo kabla ya kuufikia mpira. Uthabiti wa swingi hupimwa kwa umbali uliopo kati ya mpira mzuri na mpira mbaya, na kazi ya mazoezi ni kuupunguza umbali huo. Maelezo yafuatayo yanamhusu anayecheza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Kabla ya kurekebisha chochote, pima hali ilivyo. Chukua fimbo ya chuma namba 7, chagua shabaha moja ambayo unaweza kuiona vizuri, kisha piga mipira 10 huku ukiandika kwenye daftari, baada ya kila mpira, ulianza kwenda upande gani, ulijikunja wapi na uliangukia umbali gani kwa makadirio yako. Usiruhusu mpira wa kumi na moja kwa kisingizio kwamba mmoja haukuhesabika. Ukimaliza, futa mpira bora kabisa na mpira mbovu kabisa, kisha uangalie minane iliyobaki: upana wake kutoka kushoto hadi kulia, na tofauti kati ya uliokwenda mbali na ulioishia karibu. Wengi hugundua hapo kwamba namba 7 ambayo wamekuwa wakijisifu kuwa inafika mita 140 hufika mara mbili katika kumi, na kwamba umbali wao wa kawaida ni mita 125. Kuanzia siku hiyo, hesabu yako uwanjani iwe 125.

Kipimo cha pili ni handikapu, yaani namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji na ambayo humpa mipigo ya kufidia pengo kati yake na stadi, na ambayo wachezaji wengi huitaja kila siku bila kujua inavyopatikana. Tangu mwaka 2020 klabu nyingi duniani zinatumia Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ambao R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, waliuunda ili uchukue nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika katika sehemu mbalimbali. Mchezaji mpya anahitaji kuwasilisha alama za mashimo 54, ambazo zinaweza kuwa raundi tatu za mashimo 18 au mchanganyiko na raundi za mashimo 9, na handikapu ya juu kabisa anayoweza kupewa ni 54.0. Akishafikisha raundi 20, mfumo huchukua matokeo 8 bora kati ya hayo 20 na kuyatafutia wastani. Hapo ndipo watu wanapopotea. Handikapu huonyesha kile unachoweza kufanya katika siku zako nzuri, na haijaribu kueleza wastani wa siku zako zote, kwa hiyo mtu mwenye handikapu 20 atacheza vibaya kuliko namba hiyo katika raundi nyingi, na hilo halimaanishi kwamba swingi yake imeharibika. Katika mashindano ya Stableford, ambapo mchezaji hupata pointi kwa kila shimo na pointi 36 ni sawa na kucheza kulingana na handikapu yako, siku nyingi utarudi klabuni na pungufu ya 36, na unapaswa kulala usingizi.

Matokeo hayo hayahesabiwi kwa mipigo mitupu, kwa kuwa viwanja havilingani ugumu. Kila uwanja uliopimwa una namba mbili. Ya kwanza ni kipimo cha uwanja, kinachoonyesha alama anayotarajiwa kupata mchezaji wa handikapu sifuri. Ya pili ni slopu, inayoonyesha jinsi uwanja unavyomwongezea taabu mchezaji wa kawaida kuliko huyo stadi. Slopu huanzia 55 hadi 155, na uwanja wa kawaida huhesabiwa kuwa na 113. Ili kupata tokeo la raundi, toa kipimo cha uwanja kwenye alama yako, zidisha kwa 113, kisha gawanya kwa slopu. Siku ambayo hali ya hewa au ya uwanja iliwasumbua wachezaji wote, mfumo wenyewe huongeza marekebisho madogo. Tuseme umepiga 96 kwenye uwanja wenye kipimo 71.4 na slopu 128: tofauti ni 24.6, na tokeo lako ni 21.7. Wiki inayofuata unapiga 92 kwenye uwanja mwepesi wenye kipimo 68.2 na slopu 113: tokeo ni 23.8. Ile 96 iliyokufanya ununune njia nzima ya kurudi nyumbani ilikuwa raundi bora kuliko 92 uliyoisherehekea.

Hesabu hiyo hiyo hugeuzwa ili kujua unapewa mipigo mingapi katika uwanja fulani. Mwenye handikapu 20.4 atapata mipigo 23 katika uwanja wa kwanza, ikiwa pa yake, yaani idadi ya mipigo ambayo stadi anatarajiwa kuutumia kuumaliza, ni 72, na mipigo 19 katika wa pili, ikiwa pa yake ni 70. Pia, kwa ajili ya handikapu, shimo moja baya haliruhusiwi kuvuruga kadi nzima: alama ya juu inayohesabiwa katika shimo lolote ni pa, jumlisha mipigo miwili, jumlisha mipigo unayopewa katika shimo hilo. Katika shimo la pa 4 ambalo unapewa mipigo miwili, hata ukipiga 11 itaandikwa 8. Asiye na handikapu bado huhesabiwa pa jumlisha 5.

Sasa tuje kwenye swingi yenyewe, na nianze na jambo ambalo halina mvuto wowote, yaani kusimama. Makosa mengi yanayoitwa makosa ya swingi yamekwisha kufanyika kabla fimbo haijasogea. Mchezaji huelekeza mabega na miguu yake moja kwa moja kwenye shabaha, ingawa yeye na mpira hawako kwenye mstari mmoja. Matokeo yake mwili unaelekea kulia zaidi, na mikono, ambayo inajua shabaha iko wapi, hulazimika kuivuta fimbo kushoto njiani. Siku moja huivuta kiasi sahihi na mpira unanyooka. Siku nyingine huizidisha. Yeye husema swingi imebadilika, kumbe kilichobadilika ni fidia. Laza fimbo mbili chini, moja nje kidogo ya mpira ikielekea kwenye shabaha, nyingine mbele ya vidole vya miguu ikiwa sambamba na ya kwanza kama reli mbili, na usipige mpira wowote wa mazoezi bila fimbo hizo mpaka macho yazoee. Kwa namba 7, mpira ukae karibu na katikati ya miguu, labda upana wa mpira mmoja kuelekea kushoto. Kwa dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ukae mkabala wa ndani ya kisigino cha kushoto. Mshiko uwe wa kiasi ambacho mtu mwingine angeweza kuizungusha fimbo mikononi mwako kwa taabu kidogo, na ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya vidole vya mkono wa kushoto.

Baada ya hapo, kitu kimoja ndicho kinachomtenganisha mchezaji wa handikapu 28 na wa 12 kuliko kingine chochote ninachoweza kukitaja: mahali ambapo fimbo hufika chini kabisa katika mzunguko wake. Kwa fimbo za chuma, mpira ukiwa ardhini, sehemu hiyo inapaswa kuwa mbele ya mpira, sentimita kadhaa upande wa shabaha, ili uso wa fimbo uguse mpira kwanza na nyasi baadaye. Anayejaribu kuuinua mpira kwa mikono hubakiza uzito kwenye mguu wa kulia, na fimbo yake hufika chini mapema. Hapo ama atachota udongo, ama atagonga mpira utosini wakati fimbo inapanda. Makosa hayo mawili yanayoonekana kupingana yana chanzo kimoja, na ndiyo maana kumwambia mtu aliyegonga utosini kwamba aliinua kichwa hakumsaidii sana, ijapokuwa ndiyo nasaha inayosikika zaidi katika kila uwanja.

Zoezi lake ni rahisi na halihitaji hata mpira. Chora mstari kwenye mchanga au kwenye nyasi kwa unga wa chaki, simama kana kwamba mstari huo ni mpira wako, piga, kisha uangalie alama ya fimbo ilianzia wapi. Inapaswa kuanzia kwenye mstari au mbele yake. Rudia mara 20, na hesabu ngapi zimefaulu. Andika kwenye daftari. Ukirudi kwenye mpira, laza taulo ndogo iliyokunjwa, sentimita 15 nyuma ya mpira, na upige bila kuigusa. Halafu maliza kila mpigo ukiwa umesimama juu ya mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kimeinuka, na ukae hivyo ukihesabu hadi tatu. Asiyeweza kukaa hivyo ametumia nguvu kuliko mizani yake inavyoruhusu, na dawa ni kupunguza nguvu.

Kuhusu urefu wa mzunguko, nakushauri utumie wiki mbili au tatu kwenye swingi nusu, ambapo mikono huishia kimo cha nyonga au kiuno pande zote mbili. Tahadhari ndogo hapa: walimu wanaofundisha kwa Kiingereza hulifananisha zoezi hili na uso wa saa na husema fimbo iende kutoka tisa hadi tatu, nasi tunaosoma saa kwa Kiswahili tunauona mshale ulio kwenye tisa kuwa saa tatu. Nimewahi kumwona mwanafunzi akigeuza kila kitu kwa sababu hiyo. Sahau saa, tazama kiuno. Mwendo nao uwe ule ule kwa kila fimbo: kwa wachezaji stadi, muda wa kurudisha fimbo nyuma huwa karibu mara tatu ya muda wa kuishusha, kwa hiyo anayeinyakua fimbo kutoka ardhini hana muda wa kuipanga upya huko juu.

Mpira unaojikunja kulia, yaani slaisi, una maelezo yake. Mahali mpira unapoanzia kuelekea huamuliwa kwa sehemu kubwa na upande ambao uso wa fimbo unatazama wakati wa kugusana. Kujikunja kwake hutokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Uso ukitazama kulia kwa njia ya fimbo, mpira hujikunja kulia. Mwenye slaisi akijibu kwa kuelekea kushoto zaidi, njia ya fimbo nayo huenda kushoto, tofauti huongezeka, na mkunjo hukua. Aanze na mshiko: ageuze mkono wa kushoto kidogo kuelekea kulia mpaka vifundo vitatu vionekane, apige mipira 30 ya swingi nusu, na ndipo afikirie njia. Mpira uliogongwa nje ya katikati ya uso nao hujikunja, hasa kwa dreva, kwa hiyo paka poda usoni mwa dreva mara moja moja ili uone unapogonga.

Mazoezi yenyewe yasiwe ndoo nzima ya mipira kwa fimbo moja, kwani ukipiga namba 7 mara 50 mfululizo mwili hujisahihisha kutoka mpira hadi mpira, na uwanjani hupewi nafasi hiyo. Tumia nusu ya kwanza kwa mazoezi ya mstari na taulo, na nusu ya pili badilisha fimbo na shabaha kila mpira. Theluthi ya muda wote itumike kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, na kandokando yake. Mwenye handikapu zaidi ya 30 ashughulike na kugusana kwa fimbo na mpira pamoja na mipigo miwili ya mwisho kwenye grini, basi. Kujifunza kuukunja mpira kwa makusudi kumngojee akiwa chini ya 12.

Usichanganye mabadiliko ya mazingira na mabadiliko ya swingi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira hupaa mbali zaidi. Mchezaji huyo huyo akishuka Mombasa au Dar es Salaam ataona kila fimbo imepungua, na upepo wa kusi ukimjia usoni atapungukiwa zaidi. Akianza kupiga kwa nguvu ili kurudisha umbali wake, atarudi nyumbani na swingi mpya asiyoihitaji. Achukue fimbo moja kubwa zaidi, kwa mfano namba 6 badala ya namba 7. Na amuulize kedi. Kedi aliyekubebea mfuko mara tano anajua mpira wako mbaya huenda wapi kuliko unavyojua wewe, ila hatasema mpaka aulizwe, na aulizwe kwa heshima.

Siku ya mashindano, piga mipira 20 tu kabla ya kuanza, bila kurekebisha chochote, na utazame inajikunja upande gani. Ikiwa yote inakwenda kulia kidogo, elekea kushoto kidogo, lenga katikati ya grini hata kama bendera iko pembeni, na uache taulo na mistari ya chaki hadi Jumatatu. Baada ya raundi tano, rudia kipimo cha mipira 10 kwa fimbo ile ile na ukiandike chini ya kile cha kwanza. Handikapu huchelewa kuitika, kwa kuwa raundi za zamani bado zimo ndani ya zile 20. Upana wa mipira minane ndio utakaobadilika kwanza.