Alamu ya oili ya CNC haizimi
Tangi la oili ya kulainisha reli za mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) limejaa, alamu inalia bado? Usikimbilie kununua pampu. Kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, vumbi huanza na filta ya kufyonzea iliyo ndani ya tangi. Zima umeme, itoe, ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa.

Rudisha umeme, bonyeza kitufe cha pampu na utazame geji. Mshale ukipanda kisha ukaporomoka ghafla, tafuta paipu iliyopasuka au nati iliyolegea. Usipopanda, pampu imeshika hewa: legeza nati ya paipu inayotoka kwenye pampu, endesha pampu mpaka oili itoke bila mapovu.

Presha nzuri, ila kidole kikipita kwenye reli moja kinatoka kikavu? Vali ya kugawia oili kwenye reli hiyo imeziba; ibadilishe. Tumia oili ya reli, mara nyingi VG 68 (kipimo cha uzito wa oili). Ya injini hapana kabisa.