DVD ya leya mbili inagoma kuchoma? Angalia kwanza imegomea wapi

Watu wengi diski ya leya mbili (yenye tabaka mbili za kuandikia data) ikifeli wanakimbilia kununua draivu mpya, au wanazunguka na programu tatu nne huku wanaendelea kuharibu diski, na hizi diski sio bei sawa na zile za kawaida. Subiri kwanza. Jiulize swali moja tu, imefelia asilimia ngapi? Pale ilipofelia ndio panakwambia tatizo ni diski, draivu, au faili lako.

Tuelewane kidogo kinachofanyika humo ndani maana bila hivyo utakuwa unabahatisha. DVD ya kawaida inabeba giga 4.7, ya leya mbili giga 8.5 (kompyuta itakuonyesha 7.9 na kitu, usishtuke, inahesabu kwa 1024 badala ya 1000). Leya ya kwanza inaandikwa toka ndani kwenda ukingoni, ikiisha lenzi inabadilisha fokasi inahamia leya ya pili, na hiyo inaandikwa kinyume, toka ukingoni kurudi ndani. Sasa leya ya pili mwanga wa leza unaifikia kwa kupita kwenye ile ya kwanza, ni kama kusoma maandishi yaliyo nyuma ya pazia jepesi, kwahiyo lenzi ikiwa na vumbi kidogo tu au diski ikiwa na ubora wa chini utaona. Ndio maana draivu inaweza kuchoma DVD za kawaida vizuri kabisa alafu ikashindwa hizi, na wala haijafa.

Ikifeli mwanzoni kabisa, hata asilimia moja haijafika, na ukaona maneno Power Calibration Error, maana yake draivu imejaribu kupima nguvu ya leza kwenye sehemu maalum ya majaribio ya diski ikashindwa kupata kipimo kinachofaa. Hapa safisha lenzi, alafu cheki firmwea, yaani programu ya ndani inayoendesha draivu. Ndani ya firmwea kuna orodha ya aina za diski na jinsi ya kuchoma kila moja, sasa kama diski yako haimo draivu inakisia tu. Chukua firmwea ya modeli yako haswa toka kwa mtengenezaji wa draivu, na usizime kompyuta katikati ya zoezi. Kama ni draivu ya nje inayotumia USB angalia na umeme, kuchoma kunakula umeme kuliko kusoma, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta na sio kwenye habu, na kama ina kebo ya vichwa viwili chomeka vyote viwili. Alafu hakikisha draivu yenyewe imeandikwa inakubali DL (Double Layer, yaani leya mbili), hizi diski za DVD+R DL zimeingia sokoni 2004 na draivu za kabla ya hapo hazizijui.

Ikifeli katikati, asilimia 50 hivi au mbele kidogo, hapo ndipo kilio cha wengi kilipo. Ndio wakati wa kuhama leya, na ni kwenye ukingo wa diski, sehemu ambayo ubora huwa mbaya zaidi na ndio tunayoishika kwa vidole. Mimi hapa nalaumu diski kabla ya kitu kingine chochote. Na usiangalie jina la kwenye boksi, kampuni moja inaweza kuuza diski zilizotengenezwa viwanda tofauti, angalia kodi (code) ya diski yenyewe inayoonyesha nani ameitengeneza, ukiiweka kwenye draivu na ukafungua ImgBurn, programu ya kuchoma diski, inaonekana upande wa kulia. MKM 001 na MKM 003, zile za Verbatim, zimeaminiwa na watu miaka mingi. Usibandike stika ya karatasi juu ya diski, inaharibu balansi ikizunguka. Na spidi punguza, diski ya 8x ichome kwa 4x, itachukua karibu nusu saa. 2.4x inaenda kama dakika 45 na sio lazima iwe bora zaidi, inategemea firmwea imezoea spidi gani, jaribu zote mbili ulinganishe.

Kama inafelia sehemu yoyote tu, leo 20 kesho 70, acha diski angalia chanzo. Faili liko kwenye flashi, au kwenye hadidiski inayokufa, au linavutwa kwa netiweki? Lihamishie ndani ya kompyuta, badilisha na kebo ya SATA. Kumbuka pia FAT32, mfumo wa kupanga faili unaotumika kwenye flashi nyingi, haipokei faili moja linalozidi giga 4, kwahiyo kama imeji yako (faili moja lenye nakala ya diski nzima) imepita huko inaweza kuwa imekatwa na hujui, cheki saizi. Na kwenye DVD+R DL usihangaike kutafuta majaribio bila kuandika, diski za aina ya plus hazina hicho kitu.

Kuna ile imechomwa mpaka mwisho, hamna era, lakini filamu inaganda katikati kwenye deki. Kusita kidogo wakati wa kuhama leya ni kawaida, kuganda sio kawaida. Kwenye DVD ya video sehemu ya kuhamia lazima iangukie mwanzo wa seli (kipande cha video ndani ya DVD), namba ya sekta yake (kipande kidogo cha data) igawanyike kwa 16, na leya ya kwanza isiwe ndogo kuliko ya pili. Yaani filamu ya giga 7 inabidi ihame mahali kati ya giga 3.5 na 4.27. ImgBurn itakupa orodha ya sehemu zinazofaa, chagua pale picha inapokuwa nyeusi au sura moja inaisha. Ikikosa sehemu rudi kwenye programu uliyotengenezea DVD uongeze chapta karibu na katikati. Na kama unachoma imeji yenye faili la MDS pembeni, fungua hilo MDS badala ya ISO (faili la imeji yenyewe), lina taarifa ya sehemu ya kuhamia.

Deki isiposoma kabisa wakati kompyuta inasoma, weka book type (alama inayoiambia deki hii ni diski ya aina gani) iwe DVD-ROM, kama diski za kiwandani, kabla ya kuchoma. Inawezekana kwenye plus (DVD+R) tu, draivu nyingi zinajiwekea zenyewe, na ndio sababu napendelea plus kuliko minus (DVD-R).

Ukimaliza hakiki kila diski, ikiwezekana kwa draivu nyingine. Kama umeshabadilisha diski, spidi na kebo na bado, choma DVD ya kawaida ya leya moja. Ikifeli na hiyo basi leza imechoka, sasa nunua draivu.